Siku Saba Glasgow, Mji Ulioijenga MV Victoria

Nimerudi Bukoba wiki tatu sasa. Simulizi hii nimeiunga kutoka kwenye daftari ambalo kurasa zake za katikati zililowa mvua, pamoja na picha zilizobaki kwenye simu. Bei nilizoziandika ni zile nilizolipa mimi Juni 2025. Ukienda mwakani, ongeza kidogo.

Kwa nini Glasgow? Baba yangu alikuwa kuli bandari ya Bukoba. Alipakia magunia ya kahawa na mikungu ya ndizi kwenye MV Victoria miaka nenda miaka rudi, na sisi watoto tulipitiwa na usingizi tukisikia honi yake ikiaga kwenda Mwanza. Ukimuuliza meli ile ilitoka wapi alijibu neno moja tu, "Glasigo", kwa namna mtu anavyotaja kijiji cha ukweni. Ukubwani nikasoma mwenyewe: ilijengwa na kampuni ya Yarrow mtaa wa Scotstoun, Glasgow, Scotland, mwaka 1959. Ikafunguliwa vipande vipande, ikasafirishwa hadi Kisumu, ikaungwa upya, ikaanza kazi ziwani mwaka 1961. Ndiyo hiyo hiyo iliyokarabatiwa Mwanza na kurudi majini 2020 kwa jina la New Victoria Hapa Kazi Tu. Binamu yangu alipopata nafasi ya kusomea unesi Glasgow, nikajua nina pa kulala. Nikaanza kuweka akiba.

Kabla ya safari

Maombi ya viza hujazwa mtandaoni, kisha unakwenda kuchukuliwa alama za vidole Dar es Salaam. Mtu wa Bukoba ahesabu na nauli hiyo ya kwenda na kurudi. Mimi niliomba Machi na kulipa paundi 115, na Aprili 2025 viza ya matembezi ya miezi sita ilipanda hadi paundi 127. Paundi moja niliinunua kwa karibu shilingi 3,600. Plagi zao ni zile zile zetu za miguu mitatu, kwa hiyo usipoteze hela ya adapta.

Jumanne, 10 Juni: Kufika

Dar hadi Dubai usiku, Dubai hadi Glasgow asubuhi. Sehemu kubwa nililala.

Afisa wa uhamiaji aliniuliza nimekuja kufanya nini. Nikamwambia kutembea, na kuona ilikojengwa meli ya nyumbani. Aliinua macho, akauliza meli gani, nikamwonyesha picha. Akagonga muhuri, akanitakia safari njema.

Nje kulikuwa na manyunyu na nyuzi 13. Basi namba 500 linatoka mlangoni mwa uwanja hadi stendi kuu ya Buchanan, kama dakika 20 hivi barabara ikiwa wazi. Hilo nililipia kwa fedha taslimu. Shida ilianza kwenye basi la pili, la kwenda Dennistoun anakoishi binamu. Niligusisha kadi yangu ya benki ya nyumbani, mashine ikakataa. Nikarudia, ikakataa. Noti niliyokuwa nayo ilikuwa ya 50 na dereva hakuwa na chenji. Watu walikuwa wamepanga foleni nyuma yangu, mvua ikiwanyeshea. Mama mmoja wa makamo, ana mfuko wa viazi mkononi, akapenyeza mkono wake ubavuni mwangu, akagusisha kadi yake mara mbili, akasema maneno ambayo sikuyashika hata moja. Nilipogeuka kumshukuru alikuwa ameshakaa, anapangusa miwani. Nikapiga simu benki usiku ule. Kumbe kadi ilihitaji kufunguliwa kwa matumizi ya nje, na tawini waliniambia hakuna cha kufungua. Fungua mapema, na hakikisha uko na paundi ndogondogo mfukoni.

Binamu alinipikia ugali na samaki. Saa nne usiku nilichungulia dirishani, bado kweupe. Watoto walikuwa wanacheza mpira chini. Nililala na kitambaa usoni.

Jumatano, 11 Juni: Majina ya mitaa

Asubuhi ya kwanza binamu alinipeleka kwenye kibanda cha kona kununua staftahi ya wafanyakazi: mkate wa mviringo umepasuliwa, ndani soseji ya mraba. Ndiyo, mraba, kama kipande cha sabuni ya kufulia, wanaiita Lorne. Ukitaka wanakuongezea andazi la viazi, bapa na limekaangwa, na kipande cha soseji ya damu. Pamoja na chai ililetwa kwa paundi tano na kitu. Tulikula tumesimama, mvuke wa chai unatupiga usoni.

Muuzaji aliniuliza kama nataka "wee cup of tea". Hilo "wee" utalisikia kutwa kucha: kila kitu kinafanywa kidogo kwa upendo. Kwa Mhaya halina ugeni, ni ile "ka" yetu. Kakikombe ka chai, kadakika kamoja, kamvua kadogo. Tangu nilipolishika hilo, lafudhi yao ngumu ilianza kunifungukia.

Dennistoun hadi kanisa kuu la Mtakatifu Mungo ni mwendo wa miguu. Kuingia ni bure, sanduku la sadaka liko mlangoni. Nje yake amesimama David Livingstone wa shaba, na nyuma, ukivuka daraja, kuna kilima kizima cha makaburi, Necropolis, kilichofunguliwa 1833. Panda hadi juu. Utauona mji wote: minara ya makanisa, maghorofa, na chini kabisa kiwanda cha bia cha Tennent's kikitoa harufu ya kimea inayokufuata hadi kaburini.

Kutoka hapo tuliteremka hadi eneo wanaloliita Merchant City, na hapa nataka kukaa kidogo.

Unatembea mtaa wa Virginia, unatokea mtaa wa Glassford, unakwenda Buchanan, mbele kuna mtaa wa Jamaica. Ni majina mazuri kwenye vibao vizuri. Lakini Glassford, Buchanan na wenzao walikuwa matajiri wa tumbaku wa karne ya 18, na Virginia na Jamaica ndiko tumbaku na sukari yao ilikolimwa na Waafrika waliokuwa watumwa. Jumba lenye nguzo kubwa ambalo leo ni makumbusho ya sanaa za kisasa lilikuwa nyumba ya mmoja wao, William Cunninghame, lililojengwa 1778, ingawa nguzo za mbele ziliongezwa baadaye. Watalii wote wanapiga picha mbele yake kwa sababu ya sanamu ya Duke wa Wellington: vijana humvisha koni ya barabarani kichwani tangu miaka ya themanini, na kila inapoondolewa hurudishwa. Nami nilipiga. Kisha nikasogea nikazitazama nguzo zile kwa karibu, nikaweka kiganja kwenye jiwe. Nilikwisha kusimama Bagamoyo na Mkunazini, sehemu za biashara ya watu, lakini siku zote nilikuwa upande wa kutolea. Hii ilikuwa mara yangu ya kwanza kusimama mahali faida ilikofikia. Mwaka 2022 halmashauri ya jiji iliomba radhi rasmi, na Chuo Kikuu cha Glasgow kiliahidi paundi milioni 20 mwaka 2019 kwa utafiti wa pamoja na Chuo Kikuu cha West Indies. Naona ni sawa mgeni kujua hayo kabla ya kufurahia vigae na vioo.

Mji huo huo, hatua chache mbele, una Nelson Mandela Place. Glasgow ilimpa Mandela uhuru wa jiji mwaka 1981, yeye akiwa bado kifungoni, ikiwa ya kwanza duniani kufanya hivyo. Ubalozi mdogo wa Afrika Kusini ulikuwa kwenye uwanja huo, ukiitwa St George's Place. Mwaka 1986 wakaubadilisha jina, na tangu siku hiyo kila barua iliyokwenda kwa wale makaburu ilibidi iandikwe jina la mfungwa wao. Mwaka 1993 Mandela alikuja mwenyewe kuchukua heshima yake, akacheza ngoma na wananchi pale George Square. Nilisimama chini ya kibao nikamwomba mpita njia anipige picha. Alinipiga nne, akakagua, akarudia moja kwa sababu nilikuwa nimefumba macho.

Jioni tuliingia Horse Shoe, baa ya zamani kwenye kichochoro cha Drury Street, yenye kaunta ndefu iliyozunguka kama kwato la farasi. Pai ya nyama ya kondoo, maharage, na bia moja ya Tennent's: haikufika paundi 12. Sikuona mtu aliyekaa peke yake akaachwa peke yake.

Alhamisi, 12 Juni: Magharibi ya mji

Treni yao ya chini ya ardhi ni ya 1896, ina vituo 15, na njia yake ni duara moja. Huwezi kupotea: ukipitiliza kituo, kaa tu, dakika 24 utarudi pale pale. Mabehewa ni madogo, magoti yanakaribia kugusana na ya mwenzako. Tiketi ya siku nzima ilikuwa paundi nne na kitu, na mashine zinapokea fedha taslimu.

Makumbusho ya Kelvingrove ni bure na yanastahili nusu siku. Ndege ya kivita aina ya Spitfire imening'inia juu ya tembo aliyekaushwa anayeitwa Sir Roger. Ghorofani kuna mchoro wa Salvador Dalí wa Kristo msalabani, akionekana kutoka juu, kama wewe ndiye uliye mbinguni unayemtazama. Jipange uwe ukumbini saa saba mchana, kinanda kikubwa kinapopigwa. Mtu akiketi chini yake, kifua chake kinatetemeka. Mzee mmoja mlinzi alinihamisha kutoka kiti nilichokuwa nimekaa akanipeleka kingine nyuma ya nguzo. "Hapa ndipo sauti inapokutana," alisema. Alikuwa sahihi.

Mchana, samaki na chipsi Byres Road, pale University Cafe, ya familia ya Kiitaliano tangu 1918. Samaki ni haddock, amevikwa unga na kukaangwa. Nimekulia kwenye sato wa asubuhi, kwa hiyo nilimkabili kwa tahadhari. Ganda lilipasuka kwa mlio, nyama ndani nyeupe, ikitoka kwa mapande, yenye unyevu wake. Nampa heshima yake, ingawa alihitaji pilipili. Watakuuliza chumvi na siki, kubali vyote. Wenyeji wa Edinburgh hutumia sosi badala ya siki, na ukitaka ubishi Glasgow, taja hilo.

Kunywa Irn-Bru pia. Ni soda ya rangi ya machungwa makali, ya Barr, tangu 1901, na ladha yake haifanani na soda yoyote ya kwetu.

Usiku tulikula Shish Mahal, mgahawa wa Kipakistani. Marehemu Ali Ahmed Aslam, mwenye mgahawa huo, alisimulia kuwa miaka ya sabini mteja alilalamika kuku mkavu, naye akamtengenezea mchuzi akichanganya supu ya nyanya, na ndiyo ikawa tikka masala inayoliwa Uingereza nzima. India wana maneno yao kuhusu dai hilo. Nilichokula kilikuwa kuku laini katika mchuzi mzito wenye utamu kidogo, na wali wa basmati. Halali, kwa anayeuliza.

Ijumaa, 13 Juni: Blantyre

Treni kutoka Glasgow Central hadi Blantyre ni safari fupi, kisha unatembea kidogo hadi mtoni. Hapa ndipo Livingstone alipozaliwa, 1813, katika jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba: familia 24 jengo moja, kwao chumba kimoja, wazazi na watoto. Alianza kazi kiwandani akiwa na miaka kumi, saa kumi na mbili asubuhi hadi mbili usiku, akipita chini ya mitambo kuunga nyuzi zilizokatika. Nilijipima kwa hatua ndani ya kile chumba. Hatua tano, karibu ukutani.

Nilikuja kwa ajili ya wengine, lakini. Makumbusho yalifunguliwa upya 2021, na safari hii waliamua kuwasimulia watu waliotembea na Livingstone: Abdullah Susi, James Chuma na wenzao. Alipofia Chitambo, 1873, katika nchi ambayo leo ni Zambia, walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu hadi Bagamoyo. Walifika Februari 1874, baada ya miezi tisa hivi. Ukienda Bagamoyo, ule mnara wa misheni ndipo mwili ulipolazwa usiku mmoja kabla ya kuvushwa Unguja. Nimeuona mnara ule mara mbili na sikuwahi kufikiri kwamba mwisho mwingine wa njia ile uko kwenye mteremko huu wa nyasi, mvua ikinyesha, harufu ya majani mabichi. Mhudumu wa kike aliniuliza natoka wapi. Nilipomwambia, aliniomba nimtamkie majina. "Susi. Chuma. Halima," nikamtajia na mpishi wa msafara. Alirudia taratibu, kila silabi, mpaka zikakaa sawa.

Angalia siku zao za kufungua kabla ya kwenda, na mgahawa wao una supu ya dengu inayorudisha uhai.

Jumamosi, 14 Juni

Mvua kutwa. Tulikwenda soko la Barras, ambalo huwa mwisho wa wiki tu: saa za zamani, viatu, vyombo, sauti za kunadi kama Kariakoo. Nilinunua koti la mvua la mtumba kwa paundi nane na ningefanya hivyo siku ya kwanza. People's Palace, makumbusho yaliyo karibu, yamefungwa kwa ukarabati, usijisumbue. Chai tulikunywa Sauchiehall Street, ndani ya vyumba vya chai vilivyosanifiwa na Charles Rennie Mackintosh kwa ajili ya Kate Cranston, 1903. Viti vina migongo mirefu kupita kichwa cha anayekaa. Ni ghali, lakini kwa chai na keki moja unaruhusiwa kukaa na kutazama vioo kwa muda upendao.

Usiku, haggis. Moyo, ini na mapafu ya kondoo, vimesagwa pamoja na oti, vitunguu na pilipili manga, pembeni viazi na tanipu zilizopondwa. Wengi wetu wanaogopa maelezo hayo. Anayekula supu ya utumbo asubuhi hana sababu ya kuogopa. Niliagiza tena. Kwa wiski nilimwachia mwenye kaunta anichagulie. Alinimiminia kidogo, akadondosha matone mawili ya maji kwa mrija, akaniambia ninuse kwanza, nisubiri, ninuse tena. Mara ya pili harufu ilikuwa nyingine: moshi, kama nyumba ya bibi kijijini jiko likiwa linafuka.

Jumapili, 15 Juni: Mto

Jumapili hiyo treni ya chini ilianza saa nne asubuhi na kufunga mapema jioni. Nilikwenda peke yangu hadi Partick, nikatembea hadi Riverside, makumbusho ya usafiri yaliyochorwa na Zaha Hadid na kufunguliwa 2011, paa lake likipanda na kushuka kama mawimbi. Bure. Nje, kwenye mto Clyde, imefungwa merikebu ya matanga, Glenlee, ya 1896.

Ndani kuna garimoshi jeusi, kubwa la kutisha, lililojengwa Glasgow 1945 na kampuni ya North British, likatumika Afrika Kusini, likarudishwa 2007. Kampuni hiyo ndiyo iliyojenga na vichwa vya treni vya daraja la 29 vya reli yetu ya Afrika Mashariki miaka ya hamsini. Nyuma yake, mifano ya meli inapita ndani ya kioo kwenye mkanda unaozunguka, moja baada ya nyingine, na kila moja ilijengwa kwenye mto huu. Nilisubiri mzunguko mzima. Victoria haikupita. Nikasubiri tena.

Toka nje uvuke daraja jipya la waenda kwa miguu, lililofunguliwa Septemba 2024, utokee Govan. Upande ule, kwenye benchi, alikuwa amekaa mzee na mjukuu wake wa miaka saba au minane. Ilikuwa siku yao ya akina baba, na mtoto alikuwa na kadi aliyoichora mwenyewe. Nilimwamkia, nikamuuliza njia ya kwenda Scotstoun.

"Unataka nini Scotstoun Jumapili? Geti limefungwa."

Nikamweleza. Meli, ziwa, Baba. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono. Kumbe alikuwa fundi wa kuchomelea, aliwahi kufanya kazi kwenye karakana ile ile miaka ya sabini. Victoria hakuikuta, lakini alizisikia hizo meli za kufunguliwa: zinaungwa kwa bolti, kila bamba linaandikwa namba, kisha zinafunguliwa zote na kufungashwa. Bolti zile, alisema, zinatolewa huko mwisho wa safari na kupigwa ribiti.

"Bado inaelea?" aliniuliza.

Kwa mtu wa Bukoba swali hilo halijibiwi haraka. Tulizika watu wetu Mei 1996, MV Bukoba ilipozama. Nikatoa simu, nikamwonyesha picha niliyopiga Aprili, Victoria imefunga gatini kwetu, nyeupe, watu wamejaa kwenye reli. Alivaa miwani. Alikuza picha kwa vidole viwili, akaenda kwenye ubavu wa meli, akaufuata polepole kutoka mbele hadi nyuma, akapita juu ya abiria bila kuwatazama. Alikuwa anatazama maungio. "Inaelea," akamwambia mjukuu.

Nilikuwa na pakiti za kahawa ya kutafuna, buni zetu zilizochemshwa na majani na kukaushwa, tunazompa mgeni anapoingia nyumbani. Nikampa moja. Nilimfundisha: weka mdomoni, tafuna pole pole, ganda tema. Mtoto alitema yote mara moja. Mzee alitafuna akiangalia maji, akaomba nyingine, pakiti akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Ndiye aliyenipa siri, nami nakupa: karakana ya Scotstoun huioni vizuri kutoka getini. Panda basi hadi Braehead, kusini mwa mto, pita nyuma ya maduka, kuna njia ya kutembea kando ya maji. Utakuwa umeielekea.

Alinisindikiza hadi kituo cha basi, akamweleza dereva anishushe wapi.

Ilikuwa kama alivyosema. Ng'ambo, mabanda marefu, kreni zimesimama, na manowari za kijivu zinazokamilishwa. Moja yake, HMS Glasgow, ilikuwa imepewa jina pale pale Mei 22, wiki tatu tu kabla yangu. Hakuna kibao chochote kinachosema hapa pia ilitoka meli ya Bukoba. Maji yalikuwa ya rangi ya chai na mto ni mwembamba. Kijana mwenye mkono mzuri angeweza kurusha jiwe likaribie katikati. Nilikaa zaidi ya saa moja. Mvua ikaja, ikaenda, ikaja.

Jumatatu, 16 Juni: Kurudi

Benki tatu za Scotland huchapisha noti zake zenyewe. Ni halali, lakini maduka ya kubadilisha fedha nyumbani huzikataa, kwa hiyo zitumie zote au zibadilishe kwa za Benki Kuu ya Uingereza kabla ya kupanda ndege. Mimi zangu ziliishia kwenye biskuti za Tunnock's, zenye karameli, kwa ajili ya watoto wa dada. Safari ya kurudi haikuwa na la kusimulia, isipokuwa kwamba kutoka Mwanza niliamua kupanda Victoria badala ya basi, na nilizunguka sitaha usiku nikipapasa ubavu wake kama yule mzee.

Baba alikuwa anasubiri gatini na fimbo yake. Nyumbani nilimwonyesha picha moja moja. Koni ya Wellington haikumgusa. Alisimama kwenye ile ya Braehead.

"Mto wenyewe ndio huu?"

"Ndio huu, Baba."

Akapima kwa jicho, kama alivyokuwa akipima nafasi ya magunia. "Waliigeuzaje?"

"Yetu hawakuigeuza. Ilitoka kwa vipande, vimeandikwa namba."

Akaomba nimkuzie.